UZI: Marsabit, kaunti mnayoiita tupu. Jiografia yake, historia yake, na wenye nchi ni akina nani

Mwana_wa_Saku (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, salaam.

Kila mjadala wa kaskazini mwa Kenya ukianza humu jamvini, hakosi mtu wa kuandika "kule hakuna kitu, ni jangwa na ngamia tu". Safari hii nimeona nisijibu kwa mstari mmoja. Nitazungumzia kaunti moja tu, Marsabit, kwetu.

Tuanze na ukubwa. Marsabit ina takriban kilomita za mraba 70,000. Chukua Rwanda, ongeza Burundi, zitaingia zote mbili na nafasi itabaki. Nchi hizo mbili kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni 20. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 Marsabit, yaani sita au saba hivi kwa kila kilomita ya mraba. Mwaka huohuo Nairobi ilikuwa na zaidi ya watu 6,000 kwa kilomita moja. Kaskazini tumepakana na Ethiopia, mashariki Wajir, kusini Isiolo na Samburu, na magharibi ni Ziwa Turkana, ng'ambo yake kaunti ya Turkana. Maeneobunge ni manne: Saku, Laisamis, North Horr na Moyale. Saku, yaani mlima wenyewe na mji wa Marsabit, ni dogo kuliko yote. North Horr peke yake inazishinda kaunti nyingi za Kenya kwa ukubwa.

Mgeni akipita akiwa garini haoni ua, haoni shamba, haoni bati linang'aa, basi anasema hii ardhi haina mwenyewe. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba hakuna kisima, kilima wala bonde la malisho Marsabit lisilo na watu wanaojulikana kuwa ndio wenyewe. Na mengi mabaya yaliyotupata kwa miaka mia moja na ushee yametokana na watawala kukataa kulijua hilo.

Nitaweka kipande kwa kipande. Ulizeni.

Mgeni_wa_Nakuru

Asante mkuu. Lakini mimi nimepita huko kwa basi kwenda Moyale. Saa nzima sikuona mti. Sasa jangwa ni lipi kama lile si jangwa?

Mwana_wa_Saku

Kaka, ulipopita panaitwa Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkeno kaskazini mwa mlima. Ni kweli mti hauonekani pale. Ila kama ulisinzia kabla ya kufika Marsabit mjini, basi msitu uliupita ukiwa usingizini.

Mlima Marsabit ni volkeno ya kale, kilele chake kinafika mita 1,700 hivi. Umesimama peke yake katikati ya nchi kavu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiugonga, unapanda na kupoa, na ukungu unalala juu ya miti kuanzia usiku hadi jua lipande. Matawi yamefunikwa na ndevu ndefu za kijani-kijivu, na maji yanadondoka chini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Juu ya mlima mvua ya mwaka inafika kiasi cha milimita 800. Ukishuka hadi Chalbi, hata milimita 200 ni mwaka mzuri. Tofauti yote hiyo ni ya mwendo wa saa chache kwa gari.

Mlima una mashimo makubwa ya volkeno tunayoyaita gof. Gof Sokorte Guda lina ziwa ndani yake, lile wageni wanaloliita Ziwa Paradise. Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, waliishi hapo katika miaka ya 1920 wakipiga filamu za wanyama. Ndio msitu aliotembea Ahmed, tembo wa pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais. Alikufa 1974, na sanamu yake iko Makumbusho ya Taifa Nairobi. Ahmed wengi mnamjua, kwa hiyo sitakaa hapo. Naomba mshike habari ya msitu wenyewe: chemchemi za Bakuli zinazonywesha mji zinatoka humo. Msitu ukikatwa, mji unakauka. Bwawa la Badasa, lililotarajiwa kupunguza shida ya maji, lilianza kujengwa zaidi ya muongo mmoja uliopita likakwama. Wakati wa ukame mama wa mjini ananunua maji kwa mtungi kwa bei ambayo mtu wa Nairobi hataiamini.

Sasa shuka magharibi. Chalbi zamani za mvua nyingi lilikuwa ziwa. Leo ni uwanda mweupe wa chumvi, tambarare hadi macho yanachoka, na mvua kubwa ikinyesha juu yake hugeuka tope na maji, magari hayapiti. Pembezoni mwake kuna chemchemi na mikoma, na kila chemchemi imezaa kijiji: Maikona, Kalacha, North Horr. Chumvi ya Chalbi inachotwa kwa ajili ya mifugo, maana ngamia asipopata chumvi anadhoofika. Kaskazini kwake kuna vilima vya Hurri, vyenye nyasi na ukungu lakini bila maji ya kudumu. Na ukienda ziwani utauona Kulal, mlima wa mita karibu 2,300, msitu kileleni na mawe matupu miguuni. UNESCO iliuweka katika orodha ya hifadhi za uhai tangu 1978.

Kwa hiyo, kaka, jangwa lipo. Lakini ni sehemu moja ya nchi, na kila sehemu ina kazi yake kwa msimu wake.

Mwalimu_wa_Jiografia

Hilo la "kazi yake kwa msimu wake" ndilo nataka. Nafundisha darasani, na vitabu vinasema "wafugaji wa kuhamahama" vikaishia hapo. Wanafunzi wanaelewa kwamba watu wanatangatanga tu. Hebu tueleze: anayehama anahama kufuata nini, na nani anampa ruhusa?

Mwana_wa_Saku

Mwalimu, ubarikiwe kwa swali hilo. Hapa nitakaa kidogo.

Anza na mnyama, maana yeye ndiye anayepanga safari. Mbuzi na kondoo wanataka maji kila baada ya siku chache, na ng'ombe siku mbili tatu. Ngamia anaweza kukaa wiki moja hadi mbili bila kunywa, na kama majani ni mabichi anapitisha hapo. Kwa hiyo mwenye ng'ombe amefungwa karibu na mlima na visima. Mwenye ngamia anaweza kula malisho yaliyo mwendo wa siku nyingi kutoka majini. Ndiyo maana Waborana, watu wa ng'ombe, utawakuta zaidi upande wa mlima na Moyale, na Wagabra na Warendille, watu wa ngamia, wameishika nchi kavu: Wagabra pande za Chalbi na Hurri, Warendille kusini yake, Kargi, Korr na Logologo. Wasamburu wako kusini na juu ya Kulal, wamechanganyika na Warendille kwa ndoa na kwa rika hadi kuna koo zinazozungumza lugha zote mbili.

Familia haihami yote kwa pamoja. Wazee, akina mama wenye watoto wadogo na mifugo michache ya maziwa wanabaki kwenye boma. Vijana wanakwenda na kundi kubwa kambi ya mbali, tunaiita fora. Huko wanalala chini, chakula ni maziwa na damu, na jukumu ni lao. Kijana aliyekaa fora anajua kila bonde kwa jina, anajua mvua ilinyesha wapi wiki iliyopita, na anajua kisima kipi kimefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Habari hiyo inatembea kutoka mdomo hadi mdomo, na mtu akikutana na mwenzake njiani salamu ni ndefu kwa sababu ndani ya salamu ndimo anamouliza habari za nchi: mvua, majani, maji, amani.

Nyumba ya Wagabra ni ya mama. Fito zilizopindwa, mikeka na ngozi, vyote vinapakiwa juu ya ngamia na mama ndiye anayevijenga upya. Anajua kila ufito unakaa wapi.

Sasa ruhusa. Kwa Waborana kisima kirefu kina mwenyewe, ni wa ukoo wa aliyekichimba. Lakini mwenyewe hauzi maji. Kuna msimamizi wa zamu, aba herega, anayepanga nani anywe siku gani na kundi la nani litangulie. Mgeni anaruhusiwa kunywesha, ila lazima aombe, na lazima atoe vijana wa kusaidia kuvuta maji. Ukifika visima vya karibu na mlima utawakuta wanaume wamesimama mmoja juu ya mwingine ndani ya shimo, ndoo zinapanda mkono kwa mkono, na wanaimba ili mikono iende pamoja. Watalii wanaviita visima vinavyoimba. Mfugaji anausikia wimbo wa kundi lake na ng'ombe nao wanaujua.

Na kuna mkopo wa ngamia, Wagabra wanauita dabare. Mwenye wengi anampa asiye na kitu ngamia jike. Maziwa ni ya aliyepewa, ngamia na uzao wake ni wa mwenyewe. Mara nyingi kundi unaloliona si mali ya mtu mmoja, ni mali ya watu kumi waliounganishwa na deni la heshima. Ugonjwa au wezi wakilikumba kundi moja, mtu hafilisiki, kwa sababu ngamia wake wengine wako kwa wenzake, mwendo wa siku nne.

Waambie wanafunzi hivyo, Mwalimu. Yule anayehama ana ratiba, ana ruhusa, na ana bima. Havijaandikwa tu.

Kijana_wa_Sessi

Ndugu yangu wa Saku, umesema vizuri ila usitusahau sisi wa Moyale. Na usiwasahau Waburji. Watu wanadhani Marsabit nzima ni wafugaji. Waburji walitoka Ethiopia mwanzoni mwa karne iliyopita wakiwa wakulima, na leo mashamba mengi ya mlimani na maduka mengi ya Moyale na Marsabit ni yao. Wako pia Wagarri, Wasakuye, Wakonso, Wawaata. Moyale ni mji mmoja uliopasuliwa na mpaka. Soko la Ethiopia liko hatua chache, birr na shilingi zinabadilishana mfukoni, harusi ya upande huu ina wageni wa upande ule. Hata umeme wetu unatoka Ethiopia.

Mwana_wa_Saku

Asante sana ndugu yangu, hilo la mpaka umenifungulia mlango wa historia.

Kabla ya miaka ya 1890 hapakuwa na mstari wowote. Kisha Mfalme Menelik wa Ethiopia akapanua dola yake kusini hadi nchi ya Waborana, na Waingereza wakaingia kutoka pwani. Mwaka 1902 hadi 1903 ofisa mmoja wa Kiingereza, Kapteni Philip Maud, alitembea na vyombo vya kupimia akachora mstari, na mwaka 1907 serikali mbili zikautia saini. Mstari ulifuata kingo za nyanda za juu. Visima vingi vikuu vya Waborana vikabaki Ethiopia, malisho makubwa ya kiangazi yakabaki Kenya. Hata waliouchora waliona tatizo, ndiyo sababu mkataba ukasema watu wa pande zote wataendelea kutumia malisho ya ng'ambo kama zamani. Hayo yaliandikwa karatasini. Uwanjani askari walikuwa na sheria yao.

Waingereza hawakuja Marsabit kutafuta mashamba ya walowezi. Walitaka ukanda wa kinga kati ya Ethiopia na reli yao na nyanda walizozichukua kule kusini. Kwa hiyo kazi yetu ikawa kukaa katikati tu. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni iliwapa uwezo wa kuzifunga: huingii wala hutoki bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria nyingine iliyompa ofisa mamlaka ya kukamata, kuhamisha na kuadhibu kabila zima kwa kosa la mtu mmoja, kwa kawaida kwa kuchukua mifugo. Shule zilikuwa chache mno. Mwaka 1940, vita vikuu vilipofika, Waitaliano waliiteka Moyale kutoka kwa Waingereza, na watu wa mji wakawa wakimbizi kwa ugomvi wa wageni wawili.

Wakati Mkikuyu na Mluo wanapigania uhuru kwa vyama na magazeti, sisi tulihitaji pasi kwenda Isiolo. Kumbukeni hilo mnapouliza kwa nini maendeleo yamechelewa.

Mzalendo_254

Sawa lakini tusifiche. 1963 nyinyi mlitaka kwenda Somalia. Serikali ingefanya nini, iwapigie makofi?

Mwana_wa_Saku

Mzalendo, hatufichi chochote. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume kuuliza watu wa wilaya ya kaskazini wanataka nini. Walio wengi, hasa Wasomali wa Wajir, Mandera na Garissa, walisema wanataka kujiunga na Somalia. Kwetu Marsabit maoni yaligawanyika: wako waliotaka kwenda, wako waliotaka Kenya, mara nyingine ndani ya familia moja. Waingereza walisikia, kisha wakakabidhi nchi bila kufuata waliyoyasikia. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini, na vita vya shifta, jina walilopewa waasi waliotaka kwenda Somalia, vikadumu hadi makubaliano ya Arusha ya 1967.

Lakini angalia nani aliadhibiwa. Watu walikusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, mifugo ikazuiwa kwenda malishoni, ikafa kwa njaa au ikapigwa risasi. Wasakuye walikuwa watu wa ngamia kama Wagabra. Walitoka vitani wakiwa wamepoteza karibu ngamia wao wote, na wengi hawakurudi tena kwenye ufugaji wa ngamia. Mtoto wa fora hakuwa na bendera yoyote mkononi. Sheria za hali ya hatari zenyewe hazikuondolewa hadi 1991. Mtu aliyezaliwa siku ya uhuru alifikisha karibu miaka 28 akiwa chini ya sheria ambazo Mkenya wa Nyeri hakuwa nazo.

Na katikati ya vita hiyo, mwaka 1965, serikali ilitoa waraka wake wa uchumi, ule unaojulikana kama Waraka Namba 10, ukasema wazi kwamba fedha ziwekwe kwenye sehemu zenye ardhi nzuri na mvua, zile zitakazotoa mazao upesi. Mkoloni alitufunga kwa kibali, waraka ule ukatufunga kwa bajeti. Si lazima tupigiwe makofi, ndugu yangu. Tulitaka kuhesabiwa.

Mgeni_wa_Nakuru

Nashukuru kwa majibu ya heshima. Mimi nilichoona ni lami safi. Mbona basi hiyo haihesabiki?

Mwana_wa_Saku

Inahesabika sana, kaka. Muulize dereva yeyote wa malori wa zamani. Isiolo hadi Moyale ni kilomita 500 hivi. Wakati wa vumbi, abiria walikaa juu ya ng'ombe kwenye lori, wameshika vyuma, safari ya siku mbili tatu kama hakuna mvua, na mara nyingi kwa msafara wenye askari kwa sababu ya majambazi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa aliyehitaji hospitali kubwa alisafiri hivyohivyo. Lami ilipanda polepole, Isiolo hadi Merille kwanza, kisha vipande vya Marsabit, Turbi na Moyale, na kufikia 2017 ikawa imeunganika. Leo unaondoka Nairobi usiku, asubuhi unakunywa chai Marsabit. Mnada wa Merille, ambako Warendille na Wasamburu wanauza mbuzi, umepata wanunuzi wa moja kwa moja kutoka Nairobi.

Lakini lami ni mstari mmoja tu. Kwenda Loiyangalani, Ileret au Dukana bado ni mawe na mchanga.

Na siwezi kutaja Turbi nikapita. Tarehe 12 Julai 2005 kijiji hicho kilishambuliwa alfajiri, makumi ya watu wakauawa, wakiwemo watoto wa shule ya msingi. Kulikuwa na kisasi cha muda mrefu kati ya Wagabra na Waborana, watu wanaozungumza lugha moja. Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyobeba ujumbe wa amani ilianguka mlimani Marsabit, wakafa watu 14, wakiwemo wabunge wetu. Bonaya Godana, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alikuwa mmoja wao. Kaunti nzima ilipoteza viongozi wake siku moja wakiwa njiani kutafuta suluhu. Kilichofuata ni wazee kurudi kukaa chini ya mti, na mwaka 2009 Maikona wakaandika makubaliano: faini kwa mwenye kuua, faini kwa mwizi, ni marufuku kumficha mhalifu. Hayakumaliza kila kitu. Ugomvi umerudi baadaye, hasa siasa za kaunti zilipoanza 2013 na kiti cha gavana kikawa kitu cha kugombaniwa kwa hesabu ya makabila. Lakini yale ya Maikona yaliandikwa na watu wenyewe, kwa sheria zao, na kwa miaka kadhaa ng'ombe walichunga pamoja.

Fundi_Umeme

Mkuu, tufikie ile mitambo ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana. Ile ndiyo fahari ya Afrika bwana. Nani atasema hakuna kitu Marsabit?

Mwana_wa_Saku

Fundi, nakubaliana nawe kwamba ni kazi kubwa. Mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Sababu ya kuwa pale ni jiografia tupu. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna ukanda wa nchi ya chini, na upepo kutoka kusini-mashariki ukiingia humo unabanwa na kuongeza kasi, siku baada ya siku, karibu mwaka mzima. Kati ya Kulal na ziwa, ukisimama bila kushika kitu unasukumwa. Wazee walijua kuegesha nyumba upande gani zamani kabla ya mhandisi wa kwanza kufika na kipimo chake.

Mitambo ilikamilika 2017, ikasimama ikisubiri, kwa sababu njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, kule kusini, haikuwa tayari hadi 2018. Uzinduzi rasmi ulikuwa Julai 2019. Siku hiyo, Fundi, mji wa Marsabit ulikuwa ungali ukitumia jenereta za dizeli. Na tangu 2022 kuna njia nyingine kubwa zaidi, inayoleta umeme kutoka Ethiopia hadi Suswa, nayo inakatiza kaunti yetu. Nyaya mbili zinatupita juu ya vichwa.

Sasa ardhi. Mradi ulikodishiwa ekari 150,000. Ilikuwa ardhi ya amana iliyoshikwa na baraza la wilaya kwa niaba ya watu. Kulingana na ramani ilikuwa wazi. Kulingana na Warendille, Wasamburu na Waturkana ilikuwa malisho ya kiangazi na njia ya kwenda majini. Watu wa Laisamis walikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati zile zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria. Barabara iliyojengwa kwa ajili ya mradi kutoka Laisamis inatusaidia, ajira zilikuwepo, sikatai. Ninachokataa ni kwamba pale hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Mwalimu_wa_Jiografia

Na ziwa? Wanafunzi wanalijua kama "chimbuko la binadamu" tu.

Mwana_wa_Saku

Kwa kifupi basi, maana ziwa linastahili uzi wake. Upande wetu wa mashariki ndiko Koobi Fora na Ileret. Kundi la Richard Leakey lilianza kuchimba huko 1968, na 1972 Bernard Ngeneo, mtafutaji Mkenya mwenye jicho kali, aliona vipande vya fuvu linalojulikana kwa namba 1470, la takriban miaka milioni mbili. Jina la Leakey mnalijua wote. Jina la Ngeneo waambie wanafunzi. Ileret kuna nyayo za miguu za miaka milioni moja na nusu, zimekanyaga tope kama mtu anavyokanyaga leo. Na karibu na ghuba ya Allia kuna nguzo za mawe za Jarigole, makaburi ya wafugaji wa kwanza wa nchi hii, miaka kama 5,000 hadi 4,000 iliyopita. Ufugaji hapa una umri huo.

Mzungu wa kwanza kulifikia, Teleki, alikuja 1888 akaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa kwao. Kenya ililipa jina la Turkana mwaka 1975. Maji yake karibu yote yanatoka mto Omo wa Ethiopia, na halina njia ya kutokea. Bwawa la Gibe III lilipojengwa juu ya Omo, hofu ilikuwa kubwa, na 2018 UNESCO iliziweka mbuga za ziwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha miaka ya karibuni mvua za milimani zikawa nyingi, ziwa likapanda, likameza makazi na makaburi ya Waelmolo. Wao ndio wavuvi wa kale wa Layeni na Komote, watu wachache mno, lugha yao ya asili imekwisha na sasa wanazungumza Kisamburu. Komote, iliyokuwa ukingoni, ikazungukwa na maji. Watu waliokuwa wanahofia ziwa kukauka wakajikuta wanalihama kwa kufurika.

Kijana_wa_Sessi

Ongezea ukame. Ule wa 2020 hadi 2023 ulitumaliza. Misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana.

Mwana_wa_Saku

Ulitumaliza kweli. Hata ngamia walikufa, na ngamia akifa kwa kiu ujue mbuzi na ng'ombe walishakwisha zamani. Dabare hiyo niliyomweleza Mwalimu inasaidia pale mkasa ukimpata mtu mmoja au bonde moja. Ukame ukifunika kaunti nzima, hakuna mwenye akiba ya kumkopesha mwenzake.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: Januari 2010 bima ya mifugo inayotumia setilaiti ilianzia hapa kwetu Marsabit. Setilaiti inasoma ukijani wa nchi, ukishuka chini ya kiwango, aliyelipia analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Fidia ya kwanza ilitolewa baada ya ukame wa 2011. Wazo zuri. Udhaifu wake ni kwamba setilaiti inaona ukijani hata wa vichaka ambavyo mbuzi hali, na kwa muda malipo yalikuja baada ya mnyama kufa. Baadaye wakabadilisha, fedha zikaanza kutoka mapema, mnyama akiwa bado hai, mtu anunue majani na maji. Hayo ndiyo mabadiliko yanayoletwa na kumsikiliza mfugaji.

Na kuna la kujifanyia wenyewe. Tangu miaka ya 1970, kwenye misheni, visima vya mashine na chakula cha msaada, Warendille wengi walituama Kargi na Korr. Shule ikapatikana, zahanati ikapatikana, na hilo ni jema. Lakini kuzunguka vijiji hivyo miti imekatwa na majani hayaoti, huku malisho ya mbali yakikaa bila kuliwa kwa kuogopa wezi. Nchi kavu inaharibika mifugo inapokaa mahali pamoja.

Mzalendo_254

Nimesoma uzi wote kimyakimya, na nimejifunza. Sasa niambie ndugu, dawa ni nini? Maana mkiendelea bila hati, kesho atakuja mwingine na mradi.

Mwana_wa_Saku

Ndugu yangu, asante kwa kuuliza. Sheria ipo: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Inaruhusu jamii ijiandikishe, iunde kamati, ipewe hati ya pamoja. Ardhi isiyoandikishwa inabaki mikononi mwa serikali ya kaunti kama mdhamini, na pakija mradi, kaunti ndiyo inayoshika fidia hadi wenyewe wajiandikishe.

Ugumu uko kwenye mpaka. Msajili anataka ramani yenye mistari: hapa Wagabra, hapa Waborana, hapa Warendille. Lakini haki yetu haikuwahi kuwa mstari. Kisima ni cha ukoo fulani na maji yake ni ya anayeomba. Hurri ni ya Wagabra, ila mwaka wa shida Mborana alikuwa anapanda kwa makubaliano. Ukichora ukuta kwenye ramani, unayefungiwa nje atachukua bunduki, na tumeshaona mwisho wake. Kwa hiyo pendekezo langu, na naomba wenye ujuzi wa sheria humu mlipige msasa: kila jamii inapoandikisha ardhi yake, pamoja na mpaka iandikishwe na orodha ya njia za mifugo, visima, na malisho ya ukame, na jamii zipi zina haki ya kupita na kunywesha, kwa masharti gani, na nani wa kuombwa. Wazee wanazijua habari hizo zote kwa kichwa. Kazi ni kukaa nao sasa, wakiwa hai, Kalacha, Kargi, Sololo, Ngurunit, na kuandika.

Kama kuna wakili au mpima ardhi humu aliyewahi kufanya jambo kama hili Turkana, Isiolo au hata Umasaini upande wa Tanzania, naomba aandike hapa chini alivyofanya, hasa sehemu ya haki za kupita. Hiyo ndiyo tunayoihitaji kwanza.